Mwamba ngoma huvutia kwake: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makumbusho yetu

Waheshimiwa wakurugenzi, makatibu wakuu, na nyote mnaotia saini mikataba ya maonyesho ya pamoja na makumbusho ya Ulaya,

Ama baada ya salamu. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Amsterdam kwa miaka mingi. Sikusomea historia wala uhifadhi wa mambo ya kale. Majumba ya makumbusho nimeyaingia nikiwa na ngazi na bisibisi mara nyingi kuliko nikiwa na tiketi, kwa hiyo mtanisamehe nikikanyaga shamba lisilo langu. Lakini kuna maonyesho niliyoyaona huku yaliyohusu Indonesia, nchi isiyo yangu wala yenu, na kila nikisikia kwamba makumbusho yetu yameingia ubia na Wajerumani au Waingereza, maonyesho hayo hunirudia kichwani. Naona heri niyatoe.

Ilikuwa Aprili 2022. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka themanini na ushei ambaye jengo zima tunamwita Oma, aliniomba nimsindikize Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi. Oma alizaliwa Bandung, mama yake Mjava, baba yake Mholanzi. Maonyesho yenyewe yaliitwa Revolusi!, hivyo hivyo kwa Kiindonesia na alama ya mshangao, nayo yalishughulika na miaka minne tu: tangu tarehe 17 Agosti 1945, viongozi wa wapigania uhuru, Sukarno na Hatta, walipotangaza uhuru mjini Jakarta, hadi tarehe 27 Desemba 1949, Uholanzi ilipokabidhi madaraka. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna vita. Uholanzi ilipeleka askari zaidi ya 100,000 kuirudisha koloni mkononi, na Waindonesia waliokufa hukadiriwa kufika 100,000.

Mwenzenu nikiingia chumba chochote hutazama dari kwanza. Ni ugonjwa wa kazi. Katika chumba kimoja taa zilikuwa zimefifishwa mno, mpaka Oma akalalamika haoni. Nikamweleza kwamba karatasi na rangi za maji haziuwezi mwanga. Desturi ni luksi 50 hivi, mwanga wa sebule yenye balbu moja ndogo. Tukasogea. Vilikuwa vipicha vidogo sana, vingine ungevifunika kwa kiganja, na aliyevichora alikuwa mtoto wa miaka 11. Aliitwa Mohammad Toha, mwanafunzi wa mchoraji Dullah, mjini Yogyakarta. Tarehe 19 Desemba 1948 askari wa Uholanzi waliuvamia mji huo, uliokuwa makao makuu ya jamhuri changa. Mtoto akazunguka mitaani akijifanya muuza sigara, huku anachora: ndege angani, askari barabarani, watu wakikamatwa. Nimeona picha nyingi za vita, nyingi zimepigwa na watu wazima wenye kamera nzuri waliosimama upande wa wenye bunduki. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona vita kwa urefu wa macho ya mtoto wa mji uliovamiwa.

Kwingine palikuwa na vinguo vya mtoto mchanga vilivyoshonwa kwa kitambaa kilichobanduliwa kwenye majalada ya vitabu, kwa sababu baada ya miaka mitatu na nusu ya kukaliwa na Wajapani nguo zilikuwa zimeadimika Java. Oma alisimama hapo muda mrefu. Hakusema kitu, nami sikumwuliza.

Kisha tukafika kwenye picha ya umati, na kitambaa chekundu na cheupe juu yao. Oma akanyoosha kidole: "Bendera." Nikamwambia hata kwetu ni bendera. Akadhani namtania. Nikamtajia dunia, sabuni, kamusi, habari. Naye akanirudishia dunia, sabun, kamus, kabar. Tulikuwa kama watoto waliogundua wana mjomba mmoja. (Bendera tumeipata wote kwa Mreno, yale mengine kwa Mwarabu. Na wajuzi wa bahari husema ngalawa yetu, na mbawa zake za kulia na kushoto, asili yake ni watu wa huko huko waliovuka Bahari ya Hindi zamani sana. Sitaki kwenda mbali na hilo, maana nitamaliza barua.) Nitaongeza moja tu kwa Watanzania wenzangu: wakati wa mapinduzi yao walikuwa wakiitana "Bung". Bung Karno, Bung Hatta. Mchoraji Affandi alichora bango la kijana anayekata minyororo, limeandikwa "Boeng, ajo boeng!" Mtu aliyekulia enzi ya Ndugu Nyerere hahitaji mkalimani hapo. Ndugu, haya twende, Ndugu.

Waheshimiwa, hayo yote ni mazuri, lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya vitu. Nimeichukua kwa ajili ya neno moja.

Maonyesho hayo yaliandaliwa na watu wanne. Wawili Waholanzi, Harm Stevens na Marion Anker. Wawili Waindonesia, Amir Sidharta na Bonnie Triyana. Mwezi mmoja kabla ya ufunguzi, Triyana, ambaye ni mwanahistoria, aliandika katika gazeti la NRC la Uholanzi kwamba neno "Bersiap" lisingetumika kama jina la kipindi cha mwanzo wa mapinduzi. Bersiap maana yake ni jiandaeni, kaeni tayari. Vijana wenye mikuki ya mianzi walikuwa wakilipigia ukelele usiku. Huku Uholanzi ndilo jina la miezi ile ya mwisho wa 1945 na mwanzo wa 1946, ambapo maelfu ya Waholanzi, machotara, Waambon (watu wa kisiwa cha Ambon) na Wachina waliuawa. Kule Indonesia kipindi hicho kwa kawaida hakiitwi hivyo. Hoja ya Triyana ilikuwa kwamba ukilifanya neno hilo jina la kipindi kizima, unamchora Mwindonesia kama mshenzi aliyeamka usiku mmoja akashika panga bila sababu, na ukoloni uliotangulia unatoweka kwenye picha.

Likazuka zogo. Shirikisho la Waholanzi wenye asili ya Indonesia likamripoti Triyana polisi. Makumbusho yakatangaza kwamba neno halifutwi. Wakfu unaowatetea wahanga wa Kiindonesia nao ukaenda polisi, safari hii kuyashitaki makumbusho kwa kulitumia. Waendesha mashtaka wakatazama huku na huku, hawakuona kosa la jinai. Mwishowe neno likawekwa pamoja na maelezo ya utata wake, na milango ikafunguliwa tarehe 11 Februari.

Nilipolisoma pale ukutani nilikuwa upande wa Triyana moja kwa moja. Mtoto wa koloni hahitaji kufikiri sana katika jambo kama hilo. Nikamgeukia Oma nikitegemea ataniunga mkono, yeye mwenye mama Mjava. Akaniambia: "Neno hili mimi sikulisoma kitabuni. Nililisikia dirishani." Alikuwa na miaka saba. Kaka wa baba yake hakurudi nyumbani mwaka ule, na mpaka leo hawajui kaburi.

Nikakaa kimya. Bado naamini Triyana alikuwa na haki, na bado sijapata la kumjibu Oma. Lakini nilichokiona siku hiyo ni kwamba ukuta ule ulikuwa na nafasi ya wote wawili, na ulikuwa nayo kwa sababu tu Triyana alikuwa ndani ya chumba maneno yalipokuwa yakiandikwa. Angekuwa mgeni mwalikwa, aliyeletwa kukata utepe na kupiga picha, neno lingepita kama lilivyopita miaka sabini na kitu, na mimi ningelisoma kama jina la kawaida tu, mfano wa Masika au Vuli.

Na halikuwa neno pekee. Mashambulizi makubwa mawili ya jeshi la Uholanzi, la Julai 1947 na la Desemba 1948, serikali yao iliyaita "hatua za kipolisi". Polisi! Na ndege za kivita juu. Kwa kuyaita hivyo walisema hili ni suala la ndani, Umoja wa Mataifa hauhusiki. Jina la siri la shambulio la kwanza lilikuwa la kweli zaidi: Product, yaani mazao, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa mashamba makubwa ya Java na Sumatra. Hata siku ya kuzaliwa kwa Indonesia ilikuwa na mgogoro. Waindonesia wanasema 1945, Waholanzi kwa miongo wakasema 1949. Ilipofika Juni 2023 ndipo Waziri Mkuu Mark Rutte aliliambia bunge lake kwamba Uholanzi inaitambua tarehe 17 Agosti 1945 kikamilifu. Huyo Rutte alikuwa ameomba radhi siku sita tu baada ya Revolusi! kufunguliwa, utafiti mkubwa ulipothibitisha kwamba jeshi lao lilitumia ukatili uliokithiri, kwa mpango na mara kwa mara, na wakubwa walijua.

Kuna mfano mwingine ambao ningependa kila mmoja wenu aubandike ofisini. Mwaka 1830, baada ya vita vya miaka mitano, Mwanamfalme Diponegoro wa Yogyakarta aliitwa Magelang kwa mazungumzo na Jenerali De Kock wa Uholanzi. Alipofika, akatiwa mbaroni na kupelekwa uhamishoni. Mchoraji Nicolaas Pieneman, ambaye hakuwahi kukanyaga Java, alilichora tukio hilo kwa Waholanzi: bendera yao inapepea, jenerali amesimama ngazi ya juu akionyesha gari linalosubiri, Diponegoro yuko chini yake, mnyonge. Picha hiyo imo Rijksmuseum nayo inajulikana kama Kusalimu Amri kwa Diponegoro. Mwaka 1857 Raden Saleh, Mjava aliyesomea uchoraji Ulaya, akachora tukio lile lile. Bendera hakuitia. Diponegoro amesimama wima, kifua mbele, hasira usoni, na watu wake wanalia. Tazameni vichwa vya maofisa wa Kiholanzi: vimezidi miili yao, kama vinyago. Yeye aliiita Kukamatwa kwa Diponegoro, na tangu 1978 iko Indonesia.

Kusalimu amri. Kukamatwa. Mtu mmoja, siku moja, ngazi zile zile.

Sasa turudi kwetu. Wazee wetu walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi sijapata kuona mahali ambapo msemo huu unafanya kazi kama kwenye kibao cha maelezo ukutani. Vitabu vya Kijerumani vya tangu zamani vinasema "Aufstand", uasi wa Maji Maji. Ukishasema uasi umeshakubali kwamba palikuwa na mwenye nyumba halali ambaye mtoto wake alimkosea adabu. Songea wanasema Vita vya Maji Maji, na makumbusho yaliyopo pale ni ya vita, hata Rais Steinmeier wa Ujerumani aliyafuata pale pale tarehe 1 Novemba 2023 kuomba radhi mbele ya ukoo wa Nduna Songea Mbano. Lakini semeni kweli: ni mara ngapi ndimi zetu wenyewe, madarasani na redioni, zimeteleza zikasema uasi? Mimi nililijifunza hivyo shuleni. Nililiandika kwenye mtihani, nikapata vema.

Na si Wazungu peke yao wanaotuandikia vibao vibaya. Katika jumba moja la makumbusho huko nyumbani, ambalo sitalitaja, nilikuta ngoma kubwa imelazwa sakafuni. Karatasi iliyopigwa taipu ilisema: "Ngoma. Mti na ngozi. Pwani." Basi. Ilipigwa na nani, kwa jambo gani, ikilia mke na mume wanafanya nini, nani haruhusiwi kuitazama, aliyeichonga alilipwa mbuzi wangapi, hakuna. Mlinzi wa mlango, mzee wa makamo, ndiye aliyenieleza ile ngoma ni ya nini, na alinieleza kwa nusu saa nzima, akiigiza mpaka miguu. Nilimwuliza kwa nini hawakumwuliza yeye wakati wa kuandika karatasi. Akacheka. Alidhani nafanya mzaha.

Tukiandika hivyo ya kwetu, tutakwenda London na uso gani kusema jambo kuhusu Ngadji, ngoma ya Wapokomo wa Mto Tana iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na mpaka leo imo British Museum? Watatuuliza tunataka kuandika nini kwenye kibao chake. Mti na ngozi?

Waindonesia walijiandaa. Madai yao hayakuanza jana. Mwaka 1978 walirudishiwa sanamu ya Prajnaparamita, mungu wa kike wa hekima wa Wabudha, uso mtulivu kupita zote nilizowahi kuona hata kwenye picha, na sehemu ya hazina ya kisiwa cha Lombok iliyoporwa na jeshi la kikoloni mwaka 1894. Kisha likafuata zubao la miongo. Walipoamka tena waliunda timu ya watu wanaojulikana kwa majina, wenye kusoma kumbukumbu za Kiholanzi kwa Kiholanzi, na Bonnie Triyana yule yule akawa mmoja wao. Julai 2023, mjini Leiden, Uholanzi, walikabidhiwa vitu 478, vikiwamo 335 vya hazina ya Lombok na sanamu nne kubwa za Singosari, ufalme wa kale wa Java. Mwaka uliofuata wakapata vingine 288. Sijui kama mnaona uhusiano ninaouona mimi, lakini nitausema: mtu aliyegombania neno moja ukutani hadi akaripotiwa polisi ndiye huyo huyo unayetaka akae mezani kudai dhahabu.

Jambo la Septemba 2025 ndilo lililonifanya nisimame katikati ya kazi, waya mkononi. Uholanzi ilitangaza kwamba itarudisha mkusanyo mzima wa Dubois, mabaki ya kale ya viumbe (visukuku) zaidi ya 28,000 yaliyohifadhiwa Leiden, pamoja na Mtu wa Java mwenyewe. Eugène Dubois alikuwa daktari wa jeshi la kikoloni. Mwaka 1891 huko Trinil, kando ya mto Solo, wafungwa waliolazimishwa kufanya kazi walimchimbulia kipande cha juu cha fuvu la binadamu wa kale aliyeitikisa dunia ya sayansi. Kwa miaka mingi jibu la Leiden lilikuwa kwamba hayo si mambo ya utamaduni, ni sayansi, na sayansi ni ya wote. Kamati ya Uholanzi ikasema hapana: wenyeji walikuwa wakiyathamini mabaki yale, na yaliondolewa bila ridhaa yao.

Ndugu zangu wa Lindi mmeshanielewa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru mifupa ya mijusi mikubwa (dinosaria), zaidi ya tani 200, vibarua kwa mamia wakaibeba vichwani hadi bandarini, na mmoja wa mijusi hiyo amesimama Berlin kwa urefu wa mita 13. Jibu tunalolijua sote: hiyo ni sayansi. Sasa lile jibu limeshavunjwa, na aliyelivunja ni nchi ya Ulaya. Sisemi mfupa urudi kesho. Wapo wataalamu wetu wanaoona heri ubaki kule na sisi tupate mafunzo, utafiti na mapato, na hoja yao nimeisikia, haina ujinga ndani yake. Lakini hata kama mjusi atabaki Berlin milele, kibao chake kinaweza kusafiri. Msimamizi wa vibarua wa Tendaguru aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mwanasayansi wa Kijerumani aliona vema kumpa mjusi mmoja jina lake, Australodocus bohetii. Ingieni shule yoyote ya msingi mkoani Lindi mkaulize Boheti ni nani.

Najua mtaniambia habari ya moto. Ndiyo, tarehe 16 Septemba 2023, miezi miwili tu baada ya ile sherehe ya Leiden, Makumbusho ya Taifa ya Indonesia mjini Jakarta yaliwaka usiku wakati wa ukarabati, na vitu zaidi ya 800 vikaathirika. Huku Ulaya kuna watu waliifurahia habari hiyo kimoyomoyo; niliwasikia kazini wakisema "si tuliwaambia". Nasi tunalo letu: sikukuu ya Krismasi ya 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Unguja, tena nayo ikiwa kwenye matengenezo, na watu wakafa. Hapa sasa niko kwenye fani yangu, naomba mnisikilize kama fundi. Jengo la zamani likifanyiwa matengenezo ndipo huwa hatarini kuliko siku zote. Waya za muda, mashine za kuchomelea, mafundi wa kampuni tano ambao hawasalimiani. Fedha ya zege na rangi hupatikana, ya swichi za kinga na vitambua moshi huahirishwa, kwa sababu hakuna waziri anayekata utepe wa kitambua moshi. Jakarta walisafisha, wakajenga, wakafungua tena Oktoba 2024. Moto haukufuta dai lao, wala hawakukubali ugeuzwe hoja.

Basi ombi langu ni hili. Mkataba wa maonyesho ya pamoja ukiletwa mezani, msianze na orodha ya vitu wala bajeti ya ufunguzi. Tafuteni ukurasa wa majina. Waandaaji ni wangapi, wetu wangapi, na je, wa kwetu ana haki ya kuandika gazetini kwamba hakubaliani na mwenyeji wake, na kesho yake akaingia kazini kama kawaida? Kama haki hiyo haimo, huyo si mwandaaji, ni pambo. Tafuteni pia lugha. Kibao kuhusu Tanzania au Kenya kining'inie Berlin au London, Kiswahili kikiwa juu, tena Kiswahili kilichoandikwa na mwenye Kiswahili chake. Nimeona tafsiri za huku. Kuna moja ilinifanya nisome Kijerumani ili nielewe Kiswahili.

Na mkubali zogo. Hili najua ni gumu, kwa sababu serikali zetu hupenda shughuli iishe kwa wimbo wa taifa na vinywaji baridi. Lakini kuna akina Oma wetu pia. Kuna koo zilizopigana na Mjerumani na koo zilizompa askari, na wajukuu wao wanasali msikiti mmoja. Kuna watu wa Unguja na Pemba ambao ukitaja mwaka fulani mbele yao hutazama chini. Ukuta wa makumbusho utakaowaridhisha wote siku ya ufunguzi utakuwa haujasema kitu. Afadhali watu wawili waende polisi.

Huyo mlinzi wa mlango niliyemtaja, kama bado yu hai, mtafuteni. Mkalieni na kinasa sauti siku tatu. Mkimlipa posho ile ile mnayomlipa mtaalamu wa kutoka nje, mtakuwa mmeanza.

Oma alifariki mwaka uliofuata baada ya siku ile ya Revolusi!, wakati wa baridi. Wanawe waliniachia kamusi yake ya Kiindonesia, imefunikwa kwa kitambaa cha batiki kilichochakaa pembeni. Siku hizi najifunza maneno mawili matatu usiku, nikitafuta yale ambayo sihitaji kutafsiriwa.

Mimi sina cha kuwapa zaidi ya kazi yangu. Mkifika mahali pa kutundika karatasi na picha za rangi za maji, na hamna mtu wa kuwapimia mwanga, niandikieni. Kipimo ninacho, nauli nitajilipia. Nitakuja na ngazi yangu mwenyewe kama shirika la ndege litakubali.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa Tanga, Amsterdam